Utangulizi: Nyanya Huanzia Kitaluni

Utangulizi huu ni wako wewe ambaye hujawahi kupanda chochote, mwenye kipande cha ua, ndoo kuukuu mbili tatu au baraza inayopata jua, na unayetaka kuanza na mbegu badala ya kununua miche. Umechagua pazuri pa kuanzia. Mche wa kununua hufika mkononi mwako na mambo mengi yameshaamuliwa: udongo ulimoota, maji uliyonyweshwa, ugonjwa uliojificha mizizini. Wiki nne au tano za kitaluni ndizo zinazoamua sehemu kubwa ya mavuno, na ndizo zinazofundisha zaidi. Anayezielewa hahitaji kukariri maelekezo, kwa sababu atajua kila jambo hufanywa kwa nini.

Nyanya ilifika kwetu ikiwa mgeni. Jamaa zake wa porini huota magharibi mwa Amerika ya Kusini, kuanzia Ecuador na Peru hadi kaskazini mwa Chile, wengine kwenye miteremko ya milima ya Andes, wengine katika nyika kavu za pwani. Wahispania walipofika Meksiko karne ya 16 waliikuta ikilimwa na kuuzwa masokoni. Mwaka 1753 Linnaeus aliiweka kundi moja na mnavu, biringanya na viazi mviringo. Wataalamu waliofuata wakaitenga, kisha uchunguzi wa vinasaba ukairudisha pale pale. Undugu huo una maana kubwa bustanini. Nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili na viazi mviringo hushiriki magonjwa, na mengi hubaki udongoni baada ya mavuno. Palipotoka mmojawapo, tanguliza mahindi au mboga za jamii nyingine kabla ya kurudisha nyanya.

Kuhusu mbegu yenyewe, hakuna mwalimu bora kuliko Charles Rick wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliyefariki mwaka 2002. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya nyanya pori, na katika visiwa vya Galápagos alikutana na fumbo: mbegu za nyanya za huko zilikataa kuota karibu kwa kila njia aliyojaribu. Hatimaye yeye na mwenzake Robert Bowman waliwalisha kobe wakubwa wa visiwa hivyo matunda yale. Mbegu zilizopita tumboni mwa kobe ziliota vizuri. Matokeo hayo waliyachapisha mwaka 1961, na mimi huanza nayo kila ninapofundisha, kwa sababu yanaonyesha kwamba mbegu ina sababu zake za kusubiri. Kwa mmea wa porini, kuota wakati usiofaa ni kifo.

Nyanya yetu ya bustani imepoteza sehemu kubwa ya ukaidi huo, lakini haijaupoteza wote. Pasua tunda lililoiva utaona kila mbegu imevikwa utando wa utelezi. Utando huo una kemikali zinazoizuia kuota ikiwa bado ndani ya tunda lenye maji. Ndiyo maana anayetaka kujiwekea mbegu hukamua nyanya zilizoiva sana kwenye kikombe, huacha mchanganyiko uchachuke siku mbili au tatu, kisha huosha mbegu zilizozama na kuzianika kivulini juu ya sahani. Uchachukaji huondoa utando, na hupunguza baadhi ya vijidudu vya magonjwa vinavyosafiri na mbegu. Fanya hivyo kwa aina za kawaida tu. Pakiti ikiandikwa F1, hiyo ni chotara: watoto wake hawatafanana na mama, na mavuno yao hayatabiriki.

Sasa tufike kitaluni. Mbegu ya nyanya hupenda udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na hapo huchomoza ndani ya siku tano hadi kumi. Chini ya nyuzi 10 haioti. Msomaji wa Njombe, Lushoto au Limuru atambue basi kwamba miezi ya baridi itamchelewesha, na aweke trei ya mbegu ndani ya nyumba usiku. Sia kwa kina cha sentimita moja; mbegu ni ndogo, gramu moja ina takriban 300, na akiba yake ya chakula haitoshi kuusukuma mche kutoka chini sana. Kwenye tuta, panga mistari iachane sentimita 10 hadi 15. Funika kwa nyasi kavu, na uziondoe mara tu miche inapoanza kuchungulia. Ukichelewa kwa siku mbili, miche itarefuka na kuwa myembamba ikitafuta mwanga, na shina lililokwisha kulegea hivyo halirudi kuwa imara.

Adui mkuu wa wiki hizi ni kinyausi. Jioni miche imesimama, asubuhi imelala, shina limelainika na kusinyaa pale linapogusa udongo. Wanaoanza hudhani ni kiu na kuongeza maji, kumbe maji ndiyo yaliyowaita vimelea. Kinga ni rahisi kuliko tiba. Tumia udongo safi uliochanganywa na mchanga na mboji iliyoiva kabisa, umwagie maji yanayochemka na uuache upoe kabla ya kusia. Usibananishe mbegu. Mwagilia asubuhi, kisha acha sehemu ya juu ikauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Punguza miche inaposongamana, hata kama roho inakuuma kuing'oa iliyo hai; iliyobaki itakulipa.

Mche wenye majani halisi manne hadi sita uko tayari kuhama. Wiki moja kabla, punguza maji na uuzoeshe jua kamili kidogo kidogo. Hamisha jioni. Na hapa nyanya ina kipaji ambacho mimea mingi ya bustani haina: shina lake lote laweza kutoa mizizi. Kwa hiyo ufukie mche hadi karibu na majani ya chini, na sehemu iliyofukiwa itaota mizizi mipya. Nafasi ya sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche inatosha. Usiibane ukitamani wingi, kwani majani yasiyopata hewa hukaa na unyevu, na unyevu huleta ugonjwa wa bakajani.

Kabla ya kununua mbegu, uliza aina ni fupi au ndefu. Ndefu, kama Moneymaker, huendelea kurefuka na hutaka miti ya kuegemea pamoja na kupunguzwa machipukizi. Fupi, kama Cal-J au Tanya, huacha kurefuka zenyewe na kuzaa kwa mkupuo. Tabia hiyo ya ufupi ilijitokeza katika mmea mmoja huko Florida mwaka 1914, na karibu kila nyanya ya shamba la kiwanda duniani ina urithi wake. Kwa ndoo barazani nashauri aina fupi. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa Tengeru mkoani Arusha katika miaka ya 1990, zina ganda gumu linalostahimili safari ya sokoni, na ni chaguo zuri kwa mwenye kuanza.

Soma pia herufi zilizo kwenye jina. Katika Roma VF, V na F zinaeleza uwezo wa kustahimili aina mbili za mnyauko wa ukungu. N ni kwa minyoo fundo, na uwezo huo ulitoka kwa nyanya pori ya Peru. Kinga hii ya minyoo hudhoofika udongo unapopita nyuzi 28 hivi, jambo ambalo mkulima wa Tanga au Mombasa anapaswa kulijua: matandazo ya nyasi yanayopoza udongo yanaisaidia hata mbegu aliyoilipia bei kubwa.

Joto hutawala pia maua. Usiku ukiwa wa moto, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Ndiyo sababu nyanya ya pwani hustawi zaidi ikichanua wakati wa kipupwe. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua imefungwa ndani ya vifuko vinavyohitaji kutikiswa. Upepo hufanya kazi hiyo, na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao huifanya vizuri zaidi kwa mtetemo wa miili yao. Kwenye baraza isiyo na upepo, gonga shina kwa kidole asubuhi. Tunda likioza kitako, mara nyingi si mdudu: kalsiamu haikulifikia kwa sababu maji yalikuja leo yakakosekana siku nne.

Magonjwa na wadudu waharibifu utavisoma kwa kina baadaye. Kwa sasa jua mambo mawili. Mmea ukinyauka ghafla huku majani ni mabichi, kata shina na ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa, ng'oa na uchome. Na majani yakionyesha mabaka meupe yaliyochimbwa ndani, huyo ni kantangaze, nondo kutoka Amerika ya Kusini aliyeingia Afrika Mashariki karibu mwaka 2014. Chuma majani hayo mapema, na usiache matunda yaliyooza chini.

Anza kidogo. Nunua pakiti yenye lebo ya ubora ya taasisi inayothibitisha mbegu, TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, na usie mbegu 30 tu. Ukiwa pwani, sia Aprili chini ya paa la nailoni ili miche ihamie bustanini masika yanapopungua. Ukiwa nyanda za juu, kwepa kilele cha mvua kwa sababu ya bakajani. Uwe na daftari: andika siku uliyosia, siku ya kuchomoza, na mche gani ulikufa na ulikuwa na dalili gani.

Trei ikishajaa udongo, rudi tuendelee na sura ya kwanza.