Mgeni wa Shuleni na Jembe Lake

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika shule za msingi za Bukoba na Muleba hufika pengine wageni wa namna yake, ndio vijana wanaojifunza kazi ya ustawi wa jamii. Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na baadaye vyuo vingine vimefundisha kazi hiyo. Mwanafunzi wake hana budi kuacha darasa kwa majuma kadhaa, akajifunze kwa vitendo kati ya watu. Wako wanaotumia saa zao kwa hiari pamoja na watoto wa shule: huwasaidia kusoma, hucheza nao, huwasikiliza. Kazi hiyo ni njema. Lakini yafaa tuulize: mgeni huyu wa majuma machache apewe jembe gani?

Hatuwezi kujibu pasipo kukumbuka mambo yaliyoipata nchi hii. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Siku zile watu hawakujua ugonjwa huo watokea wapi; wengine waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Baba na mama wengi walikufa wangali vijana, na migomba ikabaki mikononi mwa mabibi na watoto. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza nguvu za virusi zimetolewa bure katika Tanzania, na wazazi wengi wamepona mauti kwa ajili yake. Walakini hakuna dawa ya hospitali iwezayo kumrudishia mtoto mama yake aliyekwisha kuzikwa.

Hasara hiyo imepimwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 wataalamu waliandika habari za nyumba nyingi za Kagera. Mwaka 2004 wakawatafuta tena watu 718 ambao hapo kwanza walikuwa watoto wenye wazazi wote wawili. Wakaona ya kuwa 19 kwa mia walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili kabla ya kutimiza miaka 15. Nao waliofiwa na mama walipungukiwa na urefu wa mwili kwa sentimita 2 hivi, na masomo ya mwaka mmoja. Upungufu huo haukufidiwa walipokuwa watu wazima. Basi yule mtoto akaaye kimya katika dawati la nyuma asidhaniwe upesi kuwa mvivu au mjinga. Huenda anabeba mzigo tusiouona.

Huko Nshamba, katika vilima vya Muleba, watu waliutazama mzigo huo kwa makini. Palianzishwa kazi iliyoitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Waliiongoza pamoja na Kurt Madörin, Mswisi. Hawakuanza kwa kujenga nyumba kubwa ya kuwakusanya yatima. Waliwafundisha walimu wa shule za msingi jinsi huzuni ya mtoto inavyoonekana, na jinsi ya kuzungumza naye. Mwaka 2000 yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakasaidiana wao kwa wao na kuwasaidia wazee. Tena mwaka 2003 ikaanza kazi nyingine, Kwa Wazee, ya kuwapa wakongwe fedha kidogo kila mwezi, na nyongeza kwa ajili ya wajukuu waliowalea. Taarifa ya kazi hiyo ya mwaka 2008 iliitwa kwa majina ya vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Kumbe bibi akipata fedha zake, mjukuu huenda shule akiwa safi!

Angalieni jambo hili, ndugu wasomaji. Katika kazi hizo zote msaada uliwekwa mikononi mwa watu wasioondoka: mwalimu, bibi, na watoto wenzake. Hapo ndipo penye somo la mgeni wetu. Mtoto aliyefiwa humshika upesi mtu ampendaye. Kijana akija leo, akamkumbatia, akamwahidi mengi, kisha baada ya majuma manane akapanda basi asionekane tena, amemfanya mtoto yule afiwe mara ya pili. Mwaka 2010 Linda Richter na Amy Norman walionya juu ya jambo hilo, walipoandika habari za wageni waliokuwa wakizuru nyumba za yatima katika Afrika ya Kusini na kukaa siku chache tu. Mgeni hurudi kwao na moyo wenye furaha. Mtoto hubaki na jeraha jipya.

Je, tuseme basi vijana wasije? La, hasha! Na waje, ila walishike jembe kwa namna ipasavyo. Siku ya kwanza kabisa mgeni awaambie watoto atakaa majuma mangapi, wala siku yake ya kuondoka asiifiche. Asiwaamuru yatima wasimame mbele ya wenzao ili wahesabiwe. Majina ayaulize kwa mwalimu, faraghani. Azungumzapo na mtoto, wakae mahali pa wazi wanapoonekana, kama chini ya mti wa uwanjani. Asitoe zawadi kwa siri, wala asiahidi neno lisilo katika uwezo wake. Michezo awafundishe wakubwa wa darasa, wapate kuiongoza wenyewe atakapokuwa hayupo.

Tena mtoto akimweleza ya kwamba anapigwa vibaya, au kwamba mtu amemchezea mwili wake, asikubali kuifanya habari hiyo kuwa siri ya wawili. Amweleze mtoto kwa upole kwamba hana budi kumtafutia msaada, kisha apeleke habari kwa afisa wa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Iko pia simu ya watoto, namba 116, isiyotozwa malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamlinda kila aliye chini ya miaka 18, awe na wazazi au asiwe nao.

Kabla ya kuondoka, aende na mwalimu hadi nyumbani kwa mtoto, apige hodi, amwamkie bibi kwa heshima, amwambie mambo mema aliyoyaona kwa mjukuu wake. Kisha amkabidhi mwalimu habari alizoziandika, ili kazi isianze upya atakapokuja mwingine. Kijana akiyatenda haya, hata akisahauliwa jina lake, kazi yake itadumu.

Nasi wazazi na walezi tunalo jembe letu. Mgeni akija shuleni kwetu, tusimwachie watoto kana kwamba kazi ni yake peke yake. Twende tukamwulize ameona nini. Na jioni, chakula kinapopikwa, tumwulize mtoto, wetu au wa ndugu yetu marehemu, leo shuleni amefurahi au amelia, kisha tunyamaze tumsikilize hata amalize. Mgeni hukaa majuma machache. Sisi tuko naye kila jioni.