Shauri kwa wale wanaopewa kuongoza maskuti

Mara nyingi mambo huanza hivi. Padri mpya anafika parokiani, hata hajamaliza kufungua sanduku lake, na paroko anamwambia: «Wewe ungali kijana, chukua maskuti.» Mseminari wa stazhi huambiwa vile vile, na katekista pia, hasa akiwa na sauti nzuri ya kuimba. Anakubali kwa utii. Siku ya posho inayofuata anakuta vijana 40 kiwanjani, wengine na fulari shingoni, wengine miguu mitupu, wote wanamtazama. Afanye nini? Kwa desturi anawapanga mistari, anawatembeza «kushoto, kulia» muda wa saa nzima, wanaimba, wanakwenda nyumbani. Baada ya miezi mitatu wamebaki 15, naye anasema vijana wa siku hizi hawana bidii.

Tunataka kuwashauri wale wote watakaopewa kazi hiyo, na kwanza wenzetu wa upande wa Bunia, kwa sababu kwetu ina uzito wake.

Hesabuni vitu vya skuti: nguo za namna moja, filimbi, ahadi inayotamkwa mbele ya wote, ngazi za kupanda, mkubwa wa kuamuru, kambi. Mzee wa Ituri akisikia maneno haya yote pamoja, hakumbuki mchezo wa watoto. Anakumbuka miaka ya 1999 mpaka 2003. Watoto walipewa nguo, wakapewa mkubwa na ngazi, wakapelekwa kambini. Rwampara, karibu na Bunia, ilikuwa kambi ya namna hiyo. Picha za sinema zilizopigwa kule mwezi wa pili 2003 zilionyeshwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mjini La Haye. Mwaka 2012 mahakama hiyo ilimhukumu Thomas Lubanga, mkubwa wa U.P.C., kifungo cha miaka 14 kwa kuandikisha watoto wasiotimiza miaka 15 na kuwatumia vitani. Tusidhani ni upande mmoja tu. Makundi ya pande zote yalikuwa na watoto. Na tangu mwisho wa 2017, vita viliporudi Djugu, watoto wengine wamechukuliwa tena.

Mvulana aliyekuwa na miaka 13 mwaka 2003 sasa ni baba, na labda ni mtoto wake anayekuja kwako kuomba fulari. Mama akikuuliza: «Padri, hiyo kambi ni ya nini?», usimcheke. Umwonyeshe. Lakini utamwonyesha nini, kama kazi yako yote ni mistari na filimbi? Tofauti kati yetu na wale wa porini haimo katika nguo. Imo katika namna ya kuamuru, na hiyo ndiyo habari yetu.

Baden-Powell mwenyewe alikuwa askari. Mwaka 1899 alitoa kitabu kidogo cha kufundisha maaskari kazi ya upelelezi, kiisha akaona vijana wanakisoma wao. Akaona kitu kingine chafaa kwa vijana. Mwezi wa nane 1907 alipeleka wavulana kama 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wengine walitoka masomo ya matajiri, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi. Akawachanganya, akawagawa patruye nne, kila moja na mkubwa wake, naye mvulana kama wao. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake kwa vijana, na humo akasema juu ya maskuti wa amani. Padri Jacques Sevin, Mjezwiti, ambaye Kanisa lilimtangaza Mheshimiwa mwaka 2012, aliileta njia hiyo kwa wakatoliki wa Ufaransa mwaka 1920. Katika Kongo skuti ilianza 1924.

Basi, shina la skuti ni patruye: vijana 6 mpaka 8 wanaoongozwa na kijana mwenzao, yule tunayemwita C.P. Trupu ni patruye tatu au nne zilizokusanyika. Anayeongoza vijana 40 moja kwa moja, yeye peke yake, hana trupu. Ana kundi la watu wanaongoja aseme. Kwa C.P. mambo ni mengine. Ana miaka 15, hana cheo cha padri wala cha mwalimu, na lazima atiiwe na wenzake wanaojua makosa yake yote. Hawezi kutiiwa kwa kutisha, maana jioni atakutana nao kisimani. Atatiiwa akiwa wa kwanza kubeba bidoni na wa mwisho kuchukua bugari. Hapo mtoto anaanza kujifunza ukubwa usiotegemea fimbo wala bunduki, na sisi tunaona hilo lenyewe linatosha kuipa parokia sababu ya kuwa na skuti, hata kama kamba hazifungwi vizuri.

Utamchagua namna gani? Usimchague aliye mrefu kupita wote, wala yule wa kwanza darasani, wala mtoto wa katekista ili kumfurahisha baba yake. Angalia mchezoni nani anaitwa wakati mambo yanaharibika. Uulize patruye yenyewe, mmoja mmoja. Kiisha mshauriane na ma-C.P. wengine, mumpe miezi mitatu ya kujaribiwa.

Ukiisha kumpa kazi, umpe kweli. Sanduku la patruye na daftari ya franka zake viwe mikononi mwake na mwa katibu wake. Chakula cha kambi, yeye na wenzake wakihesabu: unga, mafuta, chumvi, kuni. Wakikosea hesabu, watakula kidogo siku ya pili, na hakuna atakayekufa. Padri mpya hawezi kuvumilia jambo hilo. Anakimbia kununua mkate. Asikimbie. Tena, ukiona mtoto wa patruye anafanya vibaya, mwite C.P. wake useme naye. Ukimwamuru mtoto juu ya kichwa cha C.P., umemvua ukubwa mbele ya watu wake, na kesho hawatamsikia.

Juu ya adhabu tunasema bila kuzunguka: hakuna kupiga, hakuna kupiga magoti juani, hakuna kulazwa kwenye potopoto. Wako mashefu wanaopenda mambo hayo, wanasema yanakomaza vijana. Vijana wetu wamekomazwa vya kutosha. Kosa kubwa lipelekwe kwenye baraza la heshima, pale ma-C.P. wanapokaa pamoja na shefu wa trupu na omonye, mlango umefungwa, na maneno hayatoki nje. Omonye asikilize kuliko kusema. Asivunje lililokatwa, isipokuwa pana dhambi au hatari.

Patruye zigawanywe namna gani? Ni rahisi kufuata kartie, maana watoto wa barabara moja wanajuana na wanarudi pamoja. Lakini vita viligawa mji wa Bunia, na anayefuata kartie ataamka siku moja na patruye ya Wahema, patruye ya Walendu, patruye ya Waalur, na michezo ya kushindana kati yao! Uchanganye, kama ilivyofanywa Brownsea. Mbira, Mlugbara, Mnande, Mngiti wapike katika chungu kimoja. Lugha haina shida. Wote wana Kiswahili. Shida ni woga wa wazazi na njia ya kurudi. Kwa hiyo mkutano uishe saa kumi, si magharibi, na mwanzoni C.P. na shefu wapite nyumba kwa nyumba kusalimu wazee. Wenzetu maskuti wa Kivu, Rwanda na Burundi walijaribu neno hilo hilo katika kazi waliyoiita Amahoro Amani, wakifundisha vijana kupatanisha watu mitaani mwao. Haikuwa kazi ya siku mbili.

Sasa ngazi. Katika mpango wa kwanza wa Baden-Powell, wa 1908, zilikuwa 3: mwanzilishi, daraja la pili, daraja la kwanza. Vitabu vya leo vimebadili majina na masherti, nawe ufuate kitabu cha shirika lako. Lakini soma masherti ya zamani uone akili yake. Kwa daraja la pili kijana alipaswa kuwasha moto kwa njiti mbili za kibiriti tu, kupika nyama na viazi, na kuwa na akiba ya fedha kidogo. Kwa daraja la kwanza alipaswa kuogelea, kusafiri kama kilometa 11 kwenda na vilevile kurudi, kwa miguu au kwa mashua, na kuandika habari ya safari yake. Tena palikuwa na sherti moja tunalolipenda kuliko yote: alete mwanzilishi mmoja aliyemfundisha yeye mwenyewe. Huwezi kupanda peke yako. Lazima mdogo apande nawe.

Ngazi ya porini ilipatikana kwa namna nyingine kabisa, twajua. Ndiyo sababu tusicheze na hizi zetu. Kuna trupu zinazogawa alama kama pipi siku ya sikukuu, hasa mgeni mkubwa akija. Kijana anaivaa, lakini anajua moyoni kwamba hakuwasha moto wowote. Kuna nyingine zinazofanya kinyume: zinageuza ngazi kuwa mtihani wa karatasi, na mtoto asiyejua kuandika vizuri hapandi kamwe. Mtihani ufanywe kwa mikono, kiwanjani, na anayemjaribu awe C.P. wa patruye nyingine. Akishindwa, arudi baada ya mwezi, bila aibu. Kwa safari ya kilometa 11 tutumie akili. Njia zingine za Ituri hazifai kwa mtoto, na hali inabadilika posho kwa posho. Yawezekana kuzunguka ndani ya mji kutoka parokia hata parokia, wawili wawili, na kuandika habari ile ile: daraja ngapi, visima vingapi, nani aliwapa maji ya kunywa. Fimbo ndefu za skuti ziachwe nyumbani. Askari anayeona kwa mbali vijana wenye nguo za kaki na miti mabegani hajui kama ni mchezo. Barua kwa komini na kwa mkubwa wa kartie iandikwe mbele, na shefu awe na nakala mfukoni.

Kazi za kutumikia watu zinahitaji shauri refu zaidi, maana hapa tunakosea kwa nia njema. Watu wetu walizoea salongo wakati wa Mobutu: kazi ya bure kwa amri. Wakati ule ule, mwaka 1972, vyama vya vijana vya Kanisa vilivunjwa, na serikali ikataka kuingiza J.M.P.R. hata ndani ya seminari. Maaskofu walikataa, na Kardinali Malula akapata kuhamishwa mpaka Roma kwa muda. Vyama vilirudi polepole. Lakini alama ya salongo imebaki: mtu akiona vijana wanafagia barabara, anauliza nani amewaamuru, au nani anawalipa. Skuti hatumiki kwa amri ya padri. Patruye ichague kazi yake.

Na kabla ya kuchagua, iulize. Tuseme patruye imeona chemchemi ya kartie imejaa matope. Wasiende mara moja na majembe. Waende kwanza bila kitu, wakae na akina mama wanaoteka maji pale, waulize ni nini kinachoharibu, ni saa gani pana watu wachache, nani aliitengeneza zamani na kwa nini aliacha. Mara nyingi watasikia kwamba matope si neno. Neno ni mfereji wa juu unaoleta uchafu mvua ikinyesha. Hivyo kazi ya kweli ni mfereji, mita 30 au 40, na vijana 7 wanaweza kuimaliza kwa siku za posho nne. Kazi ndogo iliyomalizika inapita mradi mkubwa wenye kibao na wafadhili. Kiisha waandike nani atapitia mfereji kila mwezi. Bila hilo, mvua mbili tu, na matope yamerudi.

Neno juu ya vyombo: panga na jembe zibebwe mchana, kwa mkokoteni mmoja, mtu mzima akifuatana navyo. Kwetu panga si chombo cha shamba tu machoni pa jirani.

Kwenye kambi za waliokimbia vita tuingie kwa heshima zaidi. Wale watu wamepigwa picha mara nyingi kuliko walivyopewa unga. Maskuti wasiende kugawa sabuni huku simu zimeinuliwa. Waende kucheza mpira na watoto wa kule, wafundishe michezo yao, na watoto wakipenda, waalikwe kuingia patruye kama wengine, kwa ngazi zile zile. Kati yao wamo wenye kufaa sana kuwa C.P.; mtoto aliyeongoza wadogo zake usiku porini ameisha kujua mengi.

Swali moja hutujia kila mara: omonye afanye nini basi, kama C.P. anaongoza na patruye inachagua? Asali nao, aungamishe, ajue jina la kila mmoja na la mama yake. Akae karibu na moto kambini, wala asilale mapema kuliko wao. Amtafute shefu wa trupu mlei, mtu wa miaka 20 na zaidi mwenye jina zuri kartieni, maana padri atahamishwa na trupu itabaki. Wasichana wana chama chao cha magidi, nacho kitafutiwe mama au dada wa kukiongoza.

Na C.P. anapofikisha miaka 17, asingoje mpaka achoke. Miezi mitatu mbele amwonyeshe msaidizi wake kila kitu, hasa daftari ya franka. Siku ya kuachiliana, patruye ikae bila padri. Wahesabu pamoja vilivyomo sandukuni: kamba, sufuria, panga, fedha. Wote watie sahihi, hata mdogo kupita wote, na ufunguo upokelewe na mkubwa mpya.