Kisu Kikipita, Je, Utachipuka?

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa basi kutoka Nakuru kwenda Kisumu, ukishapita njia panda ya Londiani na kuukaribia mji wa Kericho, macho yako hupokewa na zulia la kijani lililotandazwa kilima hadi kilima. Ukikata kushoto kuelekea Litein, Kapkatet na Bomet, hali ni ile ile: chai, chai, chai. Lakini ukitazama kwa makini utaona hapa na pale kipande cha shamba kisicho na jani hata moja. Vimebaki visiki vya kijivu vinavyofika magotini, na matawi makavu yametupwa juu yake.

Mgeni wa mjini atasikitika na kusema, "Masikini, moto umepita hapa." La hasha! Hapo amepita mwenye shamba mwenyewe, na kisu chake mkononi.

Wapo Wakristo wengi katika miji yetu leo, wazee kwa vijana, wanaojiona kama kile kipande cha shamba. Juzi tu mambo yalikuwa ya kijani. Kazi ilikuwepo, karo ya watoto ililipwa, sauti ilisikika katika kwaya kila Jumapili. Leo yamebaki matawi matupu, na kuna swali moja linalowanyima usingizi: "Je, Mungu ameniacha?" Hebu leo tulitafute jibu katika nchi ya chai, kwa watu wanaokijua kisu na kazi yake.

KISU SI ADHABU

Mti wa chai ukiachwa ujiotee upendavyo hurefuka ukawa mti kwelikweli, mrefu kuliko nyumba. Utatoa maua meupe na mbegu, na ndege watajenga viota humo. Lakini mchunaji hataweza kuyafikia majani yake, na hakuna kiwanda kinachonunua kivuli. Ndiyo sababu kila baada ya miaka mitatu au minne hivi mkulima huupogoa.

Angalia jambo hili, msomaji wangu. Mti uliokufa haupogolewi, hung'olewa. Unaopogolewa ni ule uliokuwa ukitoa majani hadi juzi, ule ambao mkulima bado anautegemea.

Katika sura ya 15 ya Injili ya Yohana, Yesu anajifananisha na mzabibu, na Baba yake na mkulima. Wengi huisoma sura hiyo haraka haraka wakadhani kisu ni cha matawi mabaya pekee. Sivyo. Tawi lisilozaa huondolewa, na lile linalozaa nalo hukatwa, ili msimu ujao lizae zaidi. Hakuna tawi linalosalimika na kisu. Tofauti ni kwamba moja hukatwa likatupwa, jingine hukatwa likabaki shinani.

Na yale matawi makavu uliyoyaona juu ya visiki hayakusahauliwa hapo. Mkulima hodari huyalaza juu ya mti uliokatwa ili yaukinge na jua kali, maana gome lililozoea kivuli huungua upesi. Baadaye huanguka chini, yakaoza, yakawa mbolea ya mti ule ule. Kile ulichodhani umekipoteza, cheo ulichovuliwa au sifa ulizozizoea, kinaweza kuwa ndicho kitakachokulisha kesho.

SI KILA JERAHA NI LA MKULIMA

Lakini hapa tusidanganyane. Kuna maneno ambayo husemwa makanisani kwa nia njema na yakaumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu amedhulumiwa, naye anaambiwa, "Vumilia, Mungu anakupogoa."

Mwezi wa Februari mwaka 2023, shirika la utangazaji la BBC lilitangaza uchunguzi wake juu ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walieleza kwamba walinyanyaswa kimapenzi na wasimamizi wao. Wengine walisema walilazimishwa kuutoa mwili ili wapewe kazi au wasiipoteze. Hawa ni kina mama wenye watoto wa kulisha.

Je, utamwambia mama wa namna hiyo kwamba huko ndiko kupogolewa? Mlevi akiingia shambani usiku na panga akafyeka ovyo, hakuna mkulima atakayesema shamba limepogolewa. Atapiga mayowe na kuwaita majirani. Mkulima wa kweli hukata kwa kipimo, kwa majira yake, na kwa faida ya mti. Dhuluma haina kipimo wala majira, na faida yake humwendea mdhalimu.

Basi ukimwona ndugu yako akidhulumiwa, usimhubirie uvumilivu. Simama naye, mpeleke penye haki. Na ikiwa wewe ndiwe nyapara, mkuu wa ofisi au mwenye nyumba, jiulize ni mikono ya nani inayolishika panga hilo. Haifai kitu mtu kutoa fungu la kumi Jumapili na kumtia mfanyakazi hofu Jumatatu.

AKIBA ILIYO MIZIZINI

Swali la pili: kwa nini miti miwili ikikatwa siku moja, mmoja huchipuka na mwingine hukauka?

Siri iko ardhini. Mti wa chai ukishapogolewa hauna majani, na mti usio na majani hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kwa wiki kadhaa huishi kwa wanga uliojiwekea mizizini siku za neema. Mti wenye akiba husukuma machipukizi mapya, na baada ya miezi mitatu hivi wachunaji hurudi kwake. Mti uliodhoofika, uliochunwa kupita kiasi bila mbolea, huingia katika kisu ukiwa mtupu. Huo ndio unaokufa, na watu husema kisu ndicho kilichouua.

Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi wa Yesu. Siku ya msiba si siku ya kuanza kujifunza kuomba. Akiba huwekwa siku za kawaida: sura moja ya Biblia kabla ya kukimbilia matatu, dakika chache za sala pamoja na watoto kabla ya taarifa ya habari, deni lililolipwa kimya kimya, msamaha uliotolewa bila mtu kuupigia makofi. Mambo haya hayaonekani, kama mizizi isivyoonekana.

Ewe mwanafunzi wa chuo kikuu, hili lakuhusu sana. Unaweza kuongoza nyimbo katika chama cha wanafunzi Wakristo, ukahudhuria kila mkesha, na bado mizizini hamna kitu. Majani mengi si dalili ya akiba. Katika sura ile ya Yohana, Yesu anasisitiza neno moja: kukaa. Tawi halitoi jasho ili lizae. Kazi yake ni kukaa shinani, na utomvu hufanya mengine.

SIKU YA MIZANI

Kila mkulima mdogo wa Bomet anajua kwamba shamba la kupendeza halilipwi. Kinacholipwa ni kile kilichofika kituo cha kununulia chai kikawekwa kwenye mizani. Na hata hapo, karani hatazami uzito tu. Hutaka majani mawili na chipukizi. Ukichanganya majani makuukuu yaliyokomaa, unaweza kurudishiwa mzigo wako mbele ya majirani.

Mizani ya kanisa ni nini, basi? Wengi tutajibu kwamba ni idadi ya washiriki, ukubwa wa jengo na wingi wa vipaza sauti. Lakini mtume Paulo, katika sura ya 5 ya Wagalatia, anapoyataja matunda ya Roho, hataji hata kimoja kati ya hivyo. Anataja upendo, amani, utu wema, kiasi na mengine ya jinsi hiyo. Yote ni mambo ambayo jirani ndiye anayeyaonja.

Nchi ya chai iliwekwa kwenye mizani hiyo, na nchi nzima ya Kenya pamoja nayo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waligeukiana. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na laki kadhaa wakafukuzwa makwao. Upande wa Kericho nako nyumba zilichomwa, katika vijiji ambavyo havikuwa na upungufu wa makanisa. Watu walioshiriki kitabu kimoja cha nyimbo walionana kama maadui. Huo ulikuwa mzigo uliorudishwa kutoka kwenye mizani, nasi hatuna budi kukiri hivyo.

Hata hivyo, haukuwa mzigo wote. Kule Kipkelion, mahali palipoitwa Lumbwa zamani, palikuwa na monasteri ya watawa wa Kitrapisti iliyoanzishwa mwaka 1956. Hawa ni watu wa sala na ukimya ambao kwa miaka mingi hawakuwa na jambo la kuwapeleka magazetini. Fujo ilipozuka, maelfu ya waliofukuzwa walikimbilia kwao, na lango likafunguliwa. Mwaka huo huo wa 2008 watawa hao wenyewe ilibidi waondoke, wakaanza upya nchini Uganda. Ukiuliza walizaa nini katika miaka yote ile ya ukimya, jibu ni lile lango. Akiba ya miaka 50 ilitumika kwa siku chache.

MATUNDA YA POLEPOLE

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mwaka 1895 kijana Mmarekani aliyeitwa Willis Hotchkiss alifika Kenya katika kundi la kwanza la misheni ya Africa Inland. Muda si muda kundi lile likavunjika. Kiongozi wao, Peter Cameron Scott, alikufa mwaka 1896, na wenzake wengine wakafa au wakarudi kwao. Hotchkiss angeweza kusema kazi imekwisha. Badala yake alishiriki kuanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902, na mwaka 1905 akafungua nyingine huko Lumbwa, miongoni mwa Wakipsigis.

Miaka ya 1930 wamisionari wengine walifuata katika nchi ile, na mwaka 1937 kazi ya tiba ikaanza Tenwek, karibu na Bomet. Ilikuwa zahanati ndogo tu. Daktari wa kwanza wa kukaa, Ernest Steury, alifika mwaka 1959, na kwa miaka mingi alikuwa peke yake mbele ya foleni isiyokwisha. Umeme wa kutegemewa ulipatikana mwaka 1987, maporomoko ya mto Nyangores yalipofungwa mitambo. Leo Tenwek ni hospitali kubwa ya rufaa, na madaktari Waafrika hufunzwa upasuaji pale kisha huenda kuwahudumia wengine.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Kutoka 1905 hadi 1959 ni miaka 54. Waliopanda si wao waliovuna, na wengi hawakuliona hata jani moja la ule mti. Mchumia juani hulia kivulini, lakini katika shamba la Mungu mara nyingi mmoja huchuma juani ili mwingine alie kivulini.

NYUMBANI KWAKO JE?

Wewe mzazi unayelia kwamba mtoto wako hajabadilika, kumbuka kwamba hata mche wa chai hukaa kitaluni miezi mingi kabla ya kupandwa shambani. Kisha matawi yake machanga huinamishwa polepole yatandae, maana samaki mkunje angali mbichi. Mpaka uchunwe sawasawa, hupita miaka kama mitatu. Katika sura ya 13 ya Luka kuna mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda. Mwenye shamba alitaka ukatwe, lakini mtunza bustani aliomba mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutia samadi. Je, wewe umemwombea mtoto wako mwaka huo? Na samadi, umeitia, au umepiga kelele tu?

Na wewe uliye na kazi, afya na jina zuri kanisani, usikae ukijitazama. Chai isipochunwa machipukizi yake hulala, ikichunwa huchipuka tena. Wema usiotoka nyumbani mwako nao hulala. Na jani lililochunwa halingoji kesho. Linapaswa kufika kiwandani mapema, la sivyo huungulia ndani ya gunia. Ule msaada unaopanga kumpelekea mjane wa nyumba ya pili, mpelekee leo.

Mwisho, usijipime mwenyewe, maana hakuna mkulima anayeruhusiwa kushika mizani ya kituo. Muulize anayeonja. Usimuulize mchungaji wako, kwa kuwa yeye hukuona umevaa suti. Muulize mkeo au mumeo. Muulize mwenzako mnayelala naye chumba kimoja bwenini. Muulize yule msichana anayekufulia nguo na kukulelea mtoto, umwahidi kwanza kwamba hatafukuzwa kwa kusema kweli. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.