Mwanga wa Kutosha: Taa za Magari ya Michezo ya Zamani, kutoka Safari Rally hadi Njia ya Utende

Gari la michezo lililoundwa miaka ya 1960 linaweza kukimbia sawa na magari mengi ya leo, lakini taa zake kubwa za mbele zilitengenezwa kwa kiwango cha mwanga ambacho dereva wa sasa hukiona hafifu, na pengo hilo kati ya mwendo na mwanga ndilo linaloifanya safari ya usiku kuwa ya hatari kuliko mwenye gari anavyodhani. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde, na hata kwenye lami kavu huhitaji takribani mita 53 tangu dereva aone kikwazo hadi lisimame kabisa. Ikiwa mwanga wa karibu, ule ambao madereva huuita dimu, unaonyesha vizuri mita 40 tu za barabara, basi mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi ataonekana wakati breki haziwezi tena kumwokoa.

Wenye magari ya aina hiyo wengi huamini kwamba dawa ni kununua globu yenye wati nyingi zaidi. Imani hiyo imeunguza swichi na nyaya nyingi, kwa sababu mwanga wa taa ni matokeo ya mambo manne yanayotegemeana, yaani umeme unaofika kwenye globu, globu yenyewe, kioo kinachoakisi na kusambaza mwanga, na namna taa ilivyoelekezwa barabarani. Likilegea moja kati ya hayo, fedha zilizotumika kwa mengine hupotea bure.

Mafunzo ya Safari Rally

Afrika Mashariki ina historia ndefu katika jambo hili. Mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakapewa jina la East African Safari Rally mwaka 1960, na kuanzia mwaka 1974 yakajulikana kama Safari Rally. Kwa miongo mingi washindani walikimbia maelfu ya kilomita, mchana na usiku, katika barabara za vumbi na matope zilizokuwa wazi kwa mabasi, malori, mifugo na wanyamapori. Katika mazingira hayo taa zilihesabiwa kuwa kifaa cha ushindi, na hazikuwahi kuchukuliwa kama pambo.

Gari la michezo lililojijengea jina kubwa huko ni Datsun 240Z, ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walilishindia mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews wakalishindia tena mwaka 1973. Magari ya Safari yalifungwa taa za ziada mbele ya grili, baadhi zikiwa na mwale mwembamba wa kufika mbali katika njia iliyonyooka, nyingine zikiwa na mwanga mpana wa kuonyesha kingo za barabara na kona. Katika miaka ya baadaye baadhi ya timu zilifunga pia taa juu ya mabawa ya mbele, karibu na kioo cha dereva, ambazo ziliwashwa hata mchana ili wanaokuja upande wa pili waone gari ndani ya vumbi. Mgawanyo huo wa kazi, kila taa na wajibu wake, ni somo la kwanza kwa anayetaka kuboresha gari lake.

Kumbukumbu ya magari hayo imehifadhiwa na mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic Rally, yaliyoanza mwaka 2003, miaka 50 baada ya safari ya kwanza, na ambayo yamepita katika barabara za Kenya na Tanzania. Björn Waldegård wa Sweden, aliyewahi kushinda Safari yenyewe, aliyashinda mwaka 2011 akiwa na Porsche 911. Magari ya michezo ya zamani kama Datsun 240Z, MGB na Jaguar E-Type yanatumia taa za mviringo zenye kipenyo cha inchi 7, sawa na milimita 178, na kipimo hicho ndicho kile kile cha taa za Land Rover za zamani zinazofahamika na kila fundi wa Tanzania. Kwa hiyo elimu inayohusu taa za gari la michezo inamhusu pia mwenye Land Rover ya kubebea mizigo.

Kutoka taa iliyozibwa hadi halojeni

Tangu mwaka 1940 magari ya Marekani yalitumia taa iliyozibwa, ambayo uzi wake, kioo chake cha kuakisi na lenzi yake vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, hivyo uzi ukikatika taa nzima hutupwa. Huko Ulaya globu ya kawaida ya wakati huo ilikuwa na wati 45 kwa mwanga wa mbali, au fulu, na wati 40 kwa dimu. Mwaka 1962 ilitokea globu ya kwanza ya halojeni kwa magari, iitwayo H1, na mwaka 1971 ikafuata H4, yenye nyuzi mbili katika globu moja, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Halojeni ni gesi inayowekwa ndani ya globu ili chembe za tangsteni zinazotoka kwenye uzi wenye moto zirudi kwenye uzi badala ya kuganda juu ya kioo na kukitia weusi, na kwa sababu hiyo uzi unaweza kuwaka kwa joto kubwa zaidi na kutoa mwanga mweupe kwa muda mrefu.

Kwa gari lenye tundu la inchi 7, hatua yenye manufaa makubwa ni kuondoa taa iliyozibwa na kuweka taa inayopokea globu ya H4, yenye kioo cha kuakisi kinachong'aa na lenzi safi. Mabadiliko hayo hayatoboi bodi na hayaharibu sura ya gari, na mwenye kuthamini uhalisia wake anaweza kuirudisha taa ya asili siku yoyote.

Umeme unaopotea njiani

Jambo linalosahauliwa zaidi ni waya. Katika magari mengi ya zamani, Datsun 240Z likiwamo, umeme wote wa taa kubwa hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya dereva, kisha hurudi mbele kwenye taa, na katika safari hiyo hupungua nguvu kama maji yanayosukumwa katika mpira mrefu na mwembamba. Globu ya wati 60 katika mfumo wa volti 12 huvuta ampia 5, na mbili huvuta ampia 10, mzigo ambao swichi yenye umri wa miaka 50 huubeba kwa shida na mara nyingine kwa moshi.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa globu yenye uzi ikipungukiwa na asilimia 10 ya volti hupoteza takribani asilimia 30 ya mwanga. Fundi anaweza kuipima bila kubahatisha: injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, apime volti kwenye vichwa vya betri, kisha apime kwenye soketi ya taa yenyewe. Akikuta 13.8 kwenye betri na 12.4 kwenye taa, amekwisha kumpata mwizi wa mwanga, na globu yoyote mpya atakayoiweka itaibiwa vivyo hivyo.

Tiba yake ni rilei, swichi inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme, ambayo hufungwa karibu na betri na taa. Swichi ya dereva hubaki na kazi ndogo ya kuamsha rilei kwa umeme mdogo sana, na umeme mwingi huenda moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye taa kwa waya mnene, ukilindwa na fyuzi yake. Inafaa kufunga rilei moja kwa fulu na nyingine kwa dimu, ili moja ikifa gari lisibaki gizani. Waya wa hasi, unaofungwa kwenye bodi, nao usafishwe hadi chuma king'ae, kwa sababu kutu ya mahali hapo hufifisha taa hata kama kila kingine ni kipya.

Chanzo cha umeme nacho kina kikomo. Dainamo ya Lucas C40, iliyotumika katika magari kadhaa ya Uingereza kabla ya alternata kuenea, ilitoa ampia 22 kwa uwezo wake wote, ilhali globu nne za wati 60 peke yake zinadai ampia 20. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa pia upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo, na taa ya LED ikiunganishwa humo bila kuzingatia hilo inaweza kukataa kuwaka au kuungua.

Taa za LED zinastahili tahadhari nyingine. Kioo cha kuakisi cha taa ya halojeni kimechongwa kikitegemea uzi uliokaa mahali maalumu, na globu ya LED iliyotiwa ndani yake mara nyingi hutoa mwanga kutoka mahali tofauti, hivyo mwale husambaa ovyo. Dereva huona weupe mwingi karibu na boneti na hudhani ameona vizuri, na anayekuja mbele yake hupofuka. Anayetaka LED atafute taa kamili iliyobuniwa kwa teknolojia hiyo na yenye alama ya E ndani ya duara, inayoonyesha kuwa imeidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa.

Kwenye njia ya Ghuba ya Chole

Kisiwani Mafia, barabara ya lami kutoka Kilindoni hadi Utende, kando ya Ghuba ya Chole, hupita katikati ya minazi na makazi, na usiku hutumiwa na pikipiki, baiskeli na watembea kwa miguu. Gari la michezo la zamani ni nadra huko, lakini gari kuukuu la aina nyingine si nadra, na hewa ya chumvi haichagui. Shaba ya waya hugeuka kijani ndani ya soketi, kioo cha kuakisi hubabuka kuanzia ukingoni, na volti hupungua mwezi baada ya mwezi bila dereva kutambua. Mafuta ya grisi yanayowekwa kwenye viungo vya umeme, na raba inayoziba nyuma ya taa, ni kinga rahisi kuliko globu mpya ya kila msimu.

Mwelekeo wa taa una uzito zaidi kwenye barabara ya aina hiyo. Gari lisimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida, na ukomo wa juu wa dimu ushuke takribani sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Taa zilizotoka katika nchi zinazoendesha kulia hazifai Tanzania, kwa kuwa lenzi zake hunyanyua mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Taa ya kanuni za Umoja wa Mataifa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto pekee hutambulikana kwa mshale kwenye lenzi unaoelekea mkono wa kulia wa mtu anayeitazama kwa mbele.

Ghuba yenyewe ina sababu yake ya kudai mwanga wenye adabu. Imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na fukwe za kisiwa cha Juani hutagiwa mayai na kasa. Vifaranga wa kasa hutoka mchangani usiku na kuifuata bahari kwa kutazama upande wenye mwanga zaidi, kwa hiyo taa kali inayoachwa ikimulika ufukwe wowote wanaotaga kasa inaweza kuwapoteza. Dereva anayeegesha karibu na maji azime taa kubwa mara tu gari linaposimama.

Mwenye gari la zamani na afuate utaratibu huu: apime volti, asafishe waya wa hasi, afunge rilei, abadilishe kioo na globu, aelekeze taa, na taa za ziada ziwe za mwisho. Akiishia katikati kwa kukosa fedha, hatua alizokwisha kuzifuata zitakuwa zimemwongezea mwanga; akianzia mwisho, atakuwa amenunua mwanga wa kuwapofusha wenzake. Barabara ya usiku ni ya wote, na taa nzuri ni ile inayomwonyesha dereva njia na kumwachia anayekuja macho yake.