Extra Golden: Hivi Ndivyo Benga Ilifanya Mzungu wa Washington Amheshimu Otieno Jagwasi

Kama umewahi kuwa Matinyani wikendi ya Disemba, watu wa Nairobi wakiwa wamejaa ocha, hii sauti unaijua. Gitaa inalia kutoka kwa spika ya baa, besi inakugonga kifua, na kando ya mlango kuna buda amesimama na soda, macho amefunga, anaskiza. Hiyo ni benga ya Kikamba. Na kama uko kama mimi, umekua ukidhani ni ngoma ya wazee.

Sasa hebu nikupee stori ya wasee wawili, mmoja wa Nairobi na mwingine wa Marekani, waliounganishwa na hiyo hiyo benga. Ukimaliza, utamuangalia yule mpiga gitaa wa kwenu na jicho lingine.

Kwanza, benga inafanyaje kazi?

Benga ilianzia kwa Wajaluo, pande za Ziwa Victoria. Wapiga gitaa walichukua vile nyatiti hupigwa, kamba moja baada ya nyingine, wakaihamisha kwa gitaa ya umeme. Baadaye ikapanda hadi Mlima Kenya na Ukambani, kila mtu akaiimba kwa lugha ya kwao. Huku kwetu jina kubwa lilikuwa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Yeye aliimba Kikamba na pia Kiswahili, ndio hata mtu asiyejua Kikamba ashike maneno.

Siri ya benga ni moja. Gitaa haimsindikizi mwimbaji, inamjibu. Yeye anasema neno, gitaa inarudisha. Halafu ngoma ikifika mahali, waimbaji wananyamaza, gitaa inachukua usukani, na hapo ndio watu huacha viti. So msee wa kutunga na msee wa gitaa lazima wajuane vizuri. Hapo huwezi kufeki, watu wataskia.

Otieno na Ian

Ian Eagleson alikuwa na bendi ya rock huko Marekani, pande za Washington, inaitwa Golden. Akaja Kenya kufanya utafiti wa chuo kuhusu benga. Nairobi akapatana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mtunzi wa bendi ya Orchestra Extra Solar Africa. Otieno akamsaidia na ile kazi ya utafiti. Yaani huyu mzungu ndiye alikuwa mwanafunzi, na mwalimu alikuwa msee wa benga.

Mwaka wa 2004 rafiki ya Ian, Alex Minoff, naye akatua. Wakaungana na Otieno na mpiga ngoma Onyango Wuod Omari, wakarekodi hapo hapo Nairobi. Hakukuwa na studio ya maana, ni laptopu tu.

Sasa angalia jina la bendi: Extra Golden. "Extra" imetoka kwa bendi ya Otieno, "Golden" kwa bendi yao. Tumezoea kuona mgeni akija, anarekodi watu, anaenda na sauti, na kwa kava tunaona sura yake pekee. Hapa jina liligawanywa katikati, na upande wa Otieno ukawekwa mbele.

Lakini Otieno alikuwa anaugua. Akafariki 2005, kabla albamu itoke. Ilitoka 2006 chini ya Thrill Jockey, lebo ya Chicago, ikiitwa *Ok-Oyot System*. Ok oyot ni Kijaluo, maanake si rahisi.

Wangeacha hapo

Kusema ukweli, hakuna mtu angewalaumu. Mtunzi ameenda, mbogi imevunjika, kila mtu arudi kwao.

Hawakuacha. Opiyo Bilongo, jina linalojulikana kwa benga, akaingia. Onyango Jagwasi, ndugu ya Otieno, naye akaingia. Mwaka wa 2006 wakaalikwa kupiga shoo Chicago, viza zikasumbua, na ofisi ya seneta mmoja wa Illinois ikawasaidia. Huyo seneta alikuwa Barack Obama, bado hajakuwa rais. Wakamshukuru kwa wimbo kwenye albamu ya 2007, *Hera Ma Nono*. Baada ya fujo za uchaguzi wa 2007, marafiki na mashabiki huko nje wakachanga doh kusaidia wasee wa bendi waliokuwa Kenya. Albamu ya 2009 ikaitwa *Thank You Very Quickly*.

Hii ndio heshima naongelea. Posti ya "RIP legend" inaisha kesho yake. Hawa walibeba kazi ya Otieno hadi majukwaa ambayo yeye hakuwahi kuyafikia, jina la bendi yake likiwa mbele na ndugu yake akiwa ndani ya bendi.

Mimi pia niliwahi kuzunguka na bendi

Nilipoacha koleji nilibebea bendi moja spika kwa miezi kadhaa. Tulizunguka masoko ya Kitui, usiku tunalala kwa gari juu ya nyaya. Mkiwa njiani hivyo ndio unajua msanii ni nani: akiwa na njaa, akiwa amechoka, shoo ikiwa imelipa vibaya.

Mpiga gitaa wetu ndiye alikuwa anatunga karibu kila ngoma. Jina lake halikuwa kwa posta. Alikuwa analipwa wa mwisho, na bado asubuhi alikuwa amekaa chini ya mti akitafuta jibu la gitaa kwa wimbo mpya. Sikuwahi kumwambia ni mkali. Siku moja hakuja, nambari yake ikawa haipatikani, na hadi leo nikiskia zile ngoma baa, hakuna mtu anajua ni zake.

Kwa hivyo wewe ufanye nini?

Kama uko kwa bendi, andika jina la mtunzi kila mahali wimbo unapoenda, hata hapo chini ya video ya YouTube. Sajili kazi na Kenya Copyright Board. Sheria ya Kenya inalinda wimbo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kumaanisha hata watoto wake wana haki. Lakini hiyo haki inakuwa ngumu kudai kama hakuna mahali jina lake liliandikwa.

Na kama wewe ni shabiki tu, Disemba hii ukiwa Matinyani, ngoma ikiisha usikimbilie mathree. Nenda pale mbele uulize, "Hii ni nani aliiandika?" Akiwa hapo, mwambie. Mimi nilichelewa.