Hesabu Sambamba: Maana Yake na Mipaka Yake

Mambo huitwa sambamba yanapokwenda bega kwa bega, pasipo moja kulingojea jingine. Maana hiyo yafaa kueleza mbinu itumikayo katika programu za hesabu kama MATLAB: kazi kubwa hugawanywa, na kila sehemu hukabidhiwa prosesa yake. Swali la msingi si wingi wa prosesa, bali ni kama sehemu hizo hujitegemea kweli.

Mifano miwili yabainisha tofauti. Katika kukadiria thamani ya pai, nukta 1,000,000 hutupwa kwa nasibu ndani ya mraba, na zile zinazoangukia ndani ya robo ya duara huhesabiwa. Uwiano wake huzidishwa kwa 4. Nukta moja haihitaji habari za nyingine. Kwa hiyo prosesa 4 zaweza kutupa nukta 250,000 kila moja, na hesabu zao zikajumlishwa mwishoni. Katika mfuatano wa Fibonacci, kinyume chake, kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Anayeufuata hatua kwa hatua hafaidiki kwa prosesa ya pili.

Katika MATLAB, amri ya kurudia kazi kwa zamu ni «for», na ya kuirudia sambamba ni «parfor». Herufi tatu zaongezeka, lakini utaratibu wa zamu hauna uhakika tena: zamu ya 7 yaweza kumalizika kabla ya ya 2. Zamu inayotegemea tokeo la iliyotangulia hukataliwa na programu yenyewe.

Kosa jingine halitolewi onyo. Prosesa 4 zikianzisha namba za nasibu mahali pamoja, zitatupa nukta zilezile mara 4. Jibu litadhaniwa limetokana na nukta 1,000,000, kumbe ni 250,000 tu. Ndiyo sababu MATLAB huipa kila prosesa mfululizo wake. Mtafiti anayeubadilisha hana budi kuulinda utengano huo.

Faida nayo ina mpaka, kama alivyobainisha Gene Amdahl mwaka 1967. Tuseme kazi ni ya dakika 100, na dakika 10 kati yake hazigawanyiki. Kwa prosesa 4 itachukua dakika 32 na nusu. Hata kwa prosesa 1,000 haitashuka chini ya dakika 10. Aidha, kusafirisha data hula muda. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu alizotoa Cleve Moler, mwanzilishi wa MATLAB, mwaka 1995 alipoeleza kwa nini hapakuwa na MATLAB sambamba. Zana zake zilitolewa mwaka 2004.

Kabla ya kugawa kazi, yafaa kuziendesha zamu kinyumenyume, kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza. Jibu likigeuka waziwazi, zamu hizo hazijitegemei, na kuziendesha sambamba kutaleta upesi jibu lisiloaminika.