Keki ya Ndizi Bila Sukari ya Dukani
Je msomaji, umerudi mjini kutoka Nyacheki, kule Kisii, na mkungu wa ndizi, nazo zimeiva zote kwa pamoja? Zilizopata madoa meusi usizitupe. Wanga wake umegeuka sukari, hivyo zafaa kwa keki isiyotiwa sukari nyingine. Ponda nne kubwa, changanya na mayai 2, nusu kikombe cha mafuta na vikombe 2 vya unga wa ngano unaoumuka wenyewe.

Huna oveni? Sufuria yatosha: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, dakika 40 hivi. Jiko likae nje, kwani hewa ya makaa huua chumbani.

Mwenye kisukari asidanganyike. Sukari ya ndizi nayo ni sukari; ale kipande kimoja chembamba tu.